Nani Apokee Simu Inayotoka Newala?

Msichana wa Newala aliyebakwa jana usiku ana saa 72. Ndani ya saa hizo anaweza kuanzishiwa dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI, ambazo atazimeza kwa siku 28. Saa zikishapita, dawa hizo hazimfai tena. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinampa muda mrefu kidogo, hadi siku tano, lakini kadiri anavyochelewa ndivyo nguvu yake inavyopungua. Na ni katika saa hizohizo ndipo mengine yote huamuliwa: kama nguo zitafuliwa, kama mjomba ataitwa, kama atapandishwa bodaboda kwenda hospitali au ataambiwa alale kwanza, kutakucha. Mara nyingi anayeziamua saa hizo si daktari wala askari. Ni mtu wa kwanza aliyemsikiliza. Makala haya yanamhusu mtu huyo anapokuwa upande wa pili wa simu. Yapo mawazo mawili juu yake ambayo nayapinga yote: kwamba kazi yake ni ya wataalamu peke yao, na kwamba inaweza kufanywa na yeyote mwenye moyo wa huruma. Ni kazi ya nidhamu, na nidhamu hiyo inafundishika kwa watu wa kawaida wa Masasi na Newala, mkoani Mtwara, ili mradi wafundishwe kweli na wasiachwe peke yao baada ya kufundishwa.

Ukubwa wa tatizo haubishaniwi tena. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na mvulana mmoja kati ya saba. Utafiti wa afya ya uzazi na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 12 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Lakini takwimu inayonigusa zaidi katika ule wa 2009 ni nyingine: miongoni mwa wasichana waliofanyiwa, karibu nusu tu walimwambia mtu yeyote, na mmoja kati ya watano ndiye aliyetafuta huduma. Tazama pengo lililopo kati ya hesabu hizo mbili. Wapo wengi waliofungua mdomo, wakasema na mtu, kisha safari ikaishia hapohapo. Walioambiwa walikuwa mama, shangazi, rafiki, mwalimu. Sidhani kwamba wote walikosa upendo. Nadhani wengi hawakujua la kufanya na walichoambiwa. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na hospitali mpya pekee.

Simu kama chombo cha kuziba pengo la namna hii si jambo jipya, na kihistoria haikuanzishwa na wataalamu. Vituo vya kwanza vya aina hii nchini Marekani vilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na wanawake wa kawaida waliochoshwa na jinsi hospitali na polisi walivyowatendea waliobakwa. Cha Berkeley, California, kilianza mwaka 1971. Mwaka 1976 London ikapata chake, na mwaka huohuo Cape Town nayo. Waliopokea simu walikuwa wajitolea. Hapa kwetu Tanzania, namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, inayoendeshwa na shirika la C-Sema kwa kushirikiana na Serikali, ilizinduliwa mwaka 2013, na anayeipiga hatozwi. Kenya wana 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Namba hizi zimethibitisha kwamba watu wetu hupiga simu wakiamini kuna atakayepokea. Swali linalobaki ni la mtu anayepokea, na la yule anayepokezwa kazi baada ya simu kukatwa, kule ambako mpigaji anaishi.

Nianze na wanaosema kazi hii ni ya wanasaikolojia. Hoja yao si ya kudharau: mtu aliyejeruhiwa moyoni akiangukia mikono isiyojua, huongezewa jeraha. Lakini ushahidi bora tulio nao katika ukanda huu unaelekea upande mwingine. Mwaka 2013 jarida kubwa la tiba la New England lilichapisha utafiti uliofanywa mashariki mwa Kongo, huko Kivu, katika vijiji 15, kwa wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono. Waliowahudumia hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa Wakongo wa kawaida wenye elimu ya kiasi, waliofundishwa na kusimamiwa kwa karibu. Katika vijiji saba walitoa tiba ya mazungumzo yenye hatua maalumu, kwa vikundi. Katika vinane walitoa msaada wa mtu mmoja mmoja: kusikiliza, kushauriana, kuelekeza kwenye huduma. Katika kundi la tiba, wenye dalili nzito za sonona au wasiwasi walipungua kutoka asilimia 71 hadi 9 baada ya miezi sita. Katika kundi la msaada wa kawaida walipungua kutoka asilimia 83 hadi 42. Zimbabwe nako, mabibi wa mitaa ya Harare waliokaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati walileta matokeo ya kushangaza katika utafiti wa mwaka 2016: baada ya miezi sita, dalili za sonona zilibaki kwa karibu asilimia 14 ya waliokaa nao, na kwa nusu ya waliopata huduma za kawaida.

Ukiisoma vizuri habari ya Kivu, inawapinga pia wale wa upande wa pili, wanaoamini huruma inatosha. Kundi lililopata msaada wa kawaida lilipata nafuu, na si nafuu ndogo. Kundi lililohudumiwa na watu waliofundishwa hatua maalumu, wakafuatiliwa wasiziruke, likapata nafuu kubwa zaidi sana. Watu walewale, mazingira yaleyale, vita ileile. Tofauti ilikuwa zile hatua maalumu, pamoja na mafunzo na usimamizi wa kuzifuata. Utafiti mwingine, wa Marekani wa mwaka 2006, ulilinganisha manusura 81 katika hospitali mbili: moja yenye wajitolea wa kumsindikiza aliyebakwa, nyingine isiyo nao. Waliosindikizwa walipata huduma nyingi zaidi za kitabibu, polisi waliandikisha malalamiko yao mara nyingi zaidi, na walitoka hospitalini wakiwa na uchungu mdogo juu ya walivyotendewa. Yule mjitolea hakutibu wala hakupeleleza. Aliwakumbusha watu wengine kazi zao, na alibaki pale.

Basi mjitolea anafundishwa nini? Kwa sehemu kubwa, anafundishwa kujizuia. Mtu akisikia habari ya uchungu, kuna mambo matatu humjia mdomoni kabla hajafikiri: kuuliza ilikuwaje, kutoa ushauri, na kuhukumu. Maswali ya “ulikwenda kufanya nini huko usiku?” au “kwa nini hukupiga kelele?” huonekana ni ya kutaka kuelewa, ila masikioni mwa anayeulizwa ni mashtaka. Kuna majibu yake, kwa kweli: mwili wa binadamu ukishikwa na hofu kuu unaweza kuganda, sauti isitoke, mikono isiinuke, hilo linajulikana vizuri katika tiba. Lakini mjitolea hahitaji kujibiwa, kwa sababu hana kesi ya kuamua. Anachohitaji kujua mwanzoni ni vitu vichache mno: kama mpigaji yuko mahali anapoweza kuongea, kama aliyemtendea yuko karibu, kama anavuja damu au ameumia, na ni lini lilitokea. Hilo la mwisho ndilo linalofungua hesabu ya zile saa 72. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2014 kwa watoa huduma, limepanga kazi hii katika hatua tano: kusikiliza, kuuliza mahitaji, kuonyesha kwamba unamwamini, kuimarisha usalama wake, na kumuunganisha na msaada. Neno “kushauri” halimo.

Kujizuia huko hakufundishiki kwa mhadhara. Kunahitaji mazoezi ya kuigiza, tena na tena, mmoja akiwa mpigaji na mwingine mpokeaji, wengine wakisikiliza na kusema baadaye ni wapi palipoteleza. Ni hapo mwanafunzi anapogundua kwamba hawezi kuvumilia ukimya wa sekunde kumi, na kwamba “usijali” aliyoitoa kwa nia njema imemfungia mwenzake mdomo. Hujifunza kusema maneno machache: pole, nakusikia, hukukosea, unataka tuanze na lipi. Hujifunza kukaa kwenye laini na mtu anayelia bila kusema chochote, na kutomkemea anayebipu na kukata mara nne, kwa maana huenda anajaribu kama mlango uko wazi. Hujifunza kupokea neno la mpigaji kama lilivyo. Wengi hawatasema “nimebakwa”. Watasema “alinifanyia kitu kibaya” au “ameniharibu mtoto”, na si kazi ya mpokeaji kuwasahihisha. Hujifunza pia kueleza habari za ushahidi bila kulaumu: asiyeoga asubiri kuoga, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au zifungwe kwenye kitambaa, si kwenye plastiki, na aliyekwisha kuoga aambiwe palepale kwamba hajaharibu kitu, aende hospitali vilevile. Jimbo la California linataka kwa sheria mafunzo ya saa zisizopungua 40 kabla mtu hajaitwa mshauri wa waliofanyiwa ukatili wa kingono. Semina ya siku mbili yenye ufunguzi wa mgeni rasmi, chai na picha ya pamoja, haifiki popote karibu na hapo.

Umri na heshima ni somo la peke yake kwetu, ambalo vitabu vya nje havina. Mpokeaji wa miaka 23 akiamkia “shikamoo mama”, ameshajiweka chini, na mama wa miaka 50 anaweza kuona haya kumwambia binti kama huyo yaliyomkuta. Mpokeaji wa miaka 55 naye huteleza upande wa pili: “mwanangu, vumilia, ndiyo dunia.” Kila mmoja anahitaji kufundishwa kwa kuanzia alipo. Kijana apewe lugha ya kumheshimu mkubwa bila kumkimbia anapotaja mambo ya mwili. Mkubwa afundishwe kuuweka ukubwa kando kwa muda wa simu moja, jambo ambalo, kwa wengi wa rika hilo, ni gumu kuliko kujifunza sheria.

Hapa ndipo Masasi na Newala zinapokuwa na habari yao ya pekee. Wamakonde, Wamakua na Wayao wa pande hizi ni watu wa ukoo wa mama. Mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake, na jambo zito la nyumbani hupelekwa kwake. Mfumo huo una nguvu zake: mwanamke aliyeolewa ana kwao pa kurudi, na ana ndugu wanaomhesabu kuwa wao. Lakini kazi ya mjomba ni kusuluhisha, kuziunganisha nyumba mbili zisifarakane. Katika kesi ya ubakaji, hasa mbakaji anapokuwa jirani au ndugu, usuluhishi huo huishia kwa fedha, mbuzi au posa, na aliyeumizwa hupewa jukumu la kunyamaza ili wengine wapatane. Mjitolea aliyelelewa katika mazingira hayo ataibeba hulka hiyo hadi kwenye simu bila kujua. Ndiyo maana mafunzo ya Newala hayawezi kunakiliwa kutoka London wala Dar es Salaam. Lazima yachukue kesi zinazofanana na za hapa, za mjomba, za mtendaji wa kata aliyekwisha kuandika hati ya makubaliano, za mwalimu aliyeahidi kuoa, na mwanafunzi afanye mazoezi ya kujibu bila kumtukana mjomba na bila kumkubalia.

Wapo watakaouliza: kwa nini tusiwatumie makungwi? Wanaaminika, wanajua kuzungumza mambo ya mwili, na unyago umewafundisha kutunza siri kwa vizazi. Hoja hii ina uzito kuliko nyingi zinazotolewa kwenye warsha. Masasi yenyewe ina historia ya kuzichukua taratibu za jando na kuzitengeneza upya: Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Anglikana wa Masasi mwaka 1926, aliiweka jando ndani ya maisha ya Kanisa badala ya kuipiga marufuku, na jambo hilo linasomwa hadi leo. Kwa hiyo sisemi mila haiwezi kubadilika. Ninachosema ni kwamba ufundi wa kungwi ni kufunda, na anayefunda huongea huku mwali akisikiliza. Kwenye simu mambo yamegeuka. Tena sehemu ya mafunzo ya jadi humwelekeza mwanamke kumridhisha mume na kuficha ya chumbani, na hayo ndiyo yanayomzuia kupiga simu. Kungwi anayekubali kugeuza mkao huo atakuwa mpokeaji mzuri mno, labda kuliko mhitimu wa chuo. Asiyekubali, heshima yake kijijini haitoshi kumpa kiti. Achujwe kwa mazoezi yaleyale kama wengine.

Sheria nayo lazima ijulikane, si kwa kukariri vifungu bali kwa kujua mahali inapomsaidia mpigaji na inapomwacha. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliporekebisha Kanuni ya Adhabu, kifungo cha kubaka kinaanzia miaka 30, na kwa mtoto wa chini ya miaka kumi ni maisha. Ridhaa ya msichana wa chini ya miaka 18 haihesabiki. Lakini sheria hiyohiyo inamtoa katika ulinzi huo mke wa miaka 15 na kuendelea ambaye hajatengana na mumewe. Kuhusu ndoa zenyewe za umri huo, Mahakama ya Rufani ilithibitisha mwaka 2019, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 vinakiuka Katiba. Mpokeaji akipigiwa na mke aliyelazimishwa na mumewe, asimdanganye kwamba polisi watafungua shauri la ubakaji. Wala asimwambie kwamba basi hakuna kilichotendeka. Kupigwa na kujeruhiwa ni kosa, dawa zipo, na mahali pa kulala usiku huo panaweza kutafutwa. Kwa binti aliyepata mimba akiwa shuleni, habari anayostahili kuambiwa mapema ni kwamba tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi darasani baada ya kujifungua. Wengi vijijini bado wanadhani ule mlango umefungwa.

Siri ina mpaka, na mpaka huo usemwe kabla mpigaji hajafungua moyo. Mtu mzima ndiye mwenye uamuzi: akitaka hospitali bila polisi, ni haki yake, na mjitolea anayempeleka polisi kwa hila amevunja kila alichofundishwa. Mtoto ni jambo jingine. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamwajibisha kila mwanajamii mwenye taarifa za haki za mtoto kuvunjwa kuzipeleka serikali ya mtaa, na mpokeaji hawezi kuahidi kuficha. Ila namna ya kusema hivyo kwa mtoto wa miaka 12 aliyejificha nyuma ya jiko, asikate simu kwa woga, ni ufundi unaohitaji siku nzima ya mafunzo.

Kisha kuna umbali. Barabara ya kutoka Mtwara kupitia Nanyamba, Tandahimba na Newala hadi Masasi ina kilomita 210, na kwa miaka mingi sehemu kubwa yake ilikuwa ya vumbi kiangazi na tope masika. Mtu wa kijiji cha ukingoni mwa uwanda wa juu, kule unapoutazama mto Ruvuma chini, hawezi kuambiwa “nenda hospitali” kama vile hospitali iko mtaa wa pili. Mpokeaji wa namba ya kitaifa, hata awe hodari vipi, hajui kama zahanati ya kijiji fulani ina dawa za kinga, nani yuko zamu usiku katika hospitali ya Newala, kama Mkomaindo pale Masasi au Mtakatifu Benedikto pale Ndanda ndiko karibu zaidi kwa gari linalopita saa hiyo, na ni bodaboda gani anaaminika kumbeba msichana peke yake. Hayo anayajua mtu wa hapa. Ndiyo sababu nasema mafunzo ya wajitolea wa Masasi na Newala yasichukuliwe kama kushindana na 116. Wao ndio watakaompokea mtu mkononi baada ya simu, wamfikishe kwa muuguzi, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi au afisa ustawi wa jamii, na warudi kesho kuuliza kama dawa zinamezwa. Fomu ya polisi ya PF3 nayo itafutwe, kwa kuwa mahakamani ina kazi. Lakini mtu hapaswi kukaa benchi akisubiri karatasi huku saa za dawa zinakwenda.

Mgawanyo huo unasaidia pia kujibu shaka kubwa ya watu wa miji midogo, kwamba mpokeaji ni jirani na kesho habari iko sokoni. Shaka hiyo ni ya haki kabisa. Masasi ni mji wa njia panda, lakini bado watu wanajuana kwa majina ya baba zao na kwa maduka yao. Sauti ya kwanza ikitoka mbali, mpigaji anaweza kusema bila kujitaja. Yeye mwenyewe ndiye aamue kama na lini mtu wa karibu aambiwe, na ikiwezekana mjitolea wa Newala aitwe kwa jambo la Masasi na wa Masasi kwa la Newala. Lugha nayo ihesabiwe. Kiswahili kinatosha kwa wengi, ila bibi aliyeumizwa anaweza kuhitaji kulia kwa Kimakonde au Kimakua, na timu isiyo na mtu wa kumsikia kwa lugha hiyo imemwacha nje.

Kuna pingamizi kwamba simu haiko mikononi mwa mwanamke. Kweli, mara nyingi kitochi cha nyumba hukaa mfukoni mwa mume, na mtandao mahali pengine hupatikana juu ya kichuguu tu. Jibu langu si kwamba simu inatosha. Ni kwamba hata kwa simu ya kuazima, namba isiyotoza inampunguzia kizuizi cha vocha, na mafunzo humfundisha mpokeaji kumkumbusha mpigaji kufuta namba kwenye orodha ya simu zilizopigwa, na kutompigia tena bila makubaliano. Wengine wanaosaidiwa hawatapiga wenyewe kamwe. Atapiga mwalimu, muuguzi wa zahanati au jirani aliyesikia kilio, akiuliza afanye nini. Huyo naye ni mpigaji wa kuhudumiwa. Ama wanaosema simu hizi zitavunja ndoa na kuwasingizia wanaume, wakumbuke kwamba mpokeaji hamtii mtu hatiani; polisi, mpelelezi na hakimu wapo na kazi zao hazijachukuliwa. Wavulana, yule mmoja kati ya saba, nao wana haki ya kusikilizwa, na hofu ya kuchekwa inawafunga kuliko dada zao.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni lile lisilozungumzwa sana kwenye mipango: watu hawa watachoka. Kwa hesabu ya asilimia 12, katika darasa la wanawake 25 wapo watatu hivi ambao yamewakuta wenyewe, na mazoezi ya siku ya kwanza yanaweza kuwarudisha kule. Hilo si sababu ya kuwaondoa. Baadhi yao watakuwa wapokeaji imara kuliko wote. Ni sababu ya kuwa na msimamizi anayekutana na kila mjitolea kwa ratiba, anayesikia simu iliyomwelemea, na mwenye mamlaka ya kumwambia apumzike mwezi. Kujitolea pia kusiwe jina la kumfanyisha mtu kazi kwa hasara. Nauli, chakula cha zamu na salio vilipwe. Na anayepanga zamu ajue kwamba kati ya Septemba na Desemba watu wa Newala na Masasi wako kwenye korosho. Mafunzo yakiwekwa Oktoba, watakaokuja ni wale wasio na shamba, na zamu zitabaki wazi wakati ambao hazipaswi kubaki wazi.

Kamati za MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza mwaka 2017 na kuingia awamu ya pili mwaka 2024, zimeundwa hadi ngazi ya kijiji. Kwa hiyo vikao vya kulijadili hili tayari vipo, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017 wanaweza kuwa wa kwanza kuitwa darasani. Halmashauri za Masasi na Newala zinapopanga bajeti zijazo, ziweke mstari wa mafunzo ya saa 40 na mstari wa msimamizi wa kudumu kabla ya mstari wa fulana na mabango. Na msomaji uliye huko, usisubiri bajeti: akikujia mtu leo na habari hii, mwamini, muulize lilitokea lini, piga 116 kama ni mtoto, na mfikishe hospitali kabla saa 72 hazijaisha.